Ambrosi wa Ligombo na Hofu ya Miaka Tisa

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo, Alhamisi tarehe 13 Juni 2024, hapa Kidabaga, ni Ambrosi Sosthenes Luvanda, na kabla hamjamfunika udongo inafaa mmjue vizuri. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na dada yake mkubwa, Veneranda. Marehemu aliweka masharti mawili akiwa kitandani na akili zake timamu: asipambwe, na Makongolosi isirukwe. Wengi wenu hamjui habari ya Makongolosi, kwa sababu kwa miaka tisa hakuthubutu kuitaja hata kwa mama yake mzazi. Leo mtaijua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Novemba 1988, hapa hapa Kidabaga, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Sosthenes Luvanda, katekista wetu, na mama Yusta. Tangu utoto alikuwa mwoga, na hilo halisemwi kwa kumvunjia heshima, maana hata yeye mwenyewe alilisema. Aliogopa radi. Aliogopa bata bukini wa parokia kiasi cha kuzunguka shamba zima la viazi ili asipite getini. Siku ya komunyo ya kwanza aliogopa macho ya watu akatapika mbele ya altare, na dada yake akamfuta kwa kitambaa chake kipya cha kichwa, kitambaa ambacho hakikutakata tena. Alikumbushwa kitambaa hicho kila Krismasi, na kila Krismasi aliomba msamaha.

Kitu kimoja tu hakukiogopa, nacho ni ligombo. Vijana wa siku hizi hamkijui vizuri: ni ubao uliochimbwa katikati, una uzi mmoja unaopitishwa huku na huku mara kadhaa, na chini yake kinawekwa kibuyu cha kukuza sauti. Alifundishwa na babu mzaa mama. Babu alipiga kwenye pombe na kwenye misiba, naye Ambrosi alikaa miguuni pake saa nzima bila kupepesa. Kwenye ligombo mikono yake haikutetemeka kamwe.

Elimu ya msingi aliipata kijijini hapa kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, kisha akasoma sekondari Iringa mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 2006 na cheti ambacho baba alikitazama, akakikunja, akakitia kabatini. Mwaka 2008 alikwenda Mbeya kusomea ufundi wa umeme na redio. Wiki ya kwanza alimpigia dada yake simu kila siku kusema kwamba mji una kelele na watu wanasalimiana kwa Kinyakyusa. "Na wewe wasalimie kamwene ya Kihehe, watakuzoea," aliambiwa. Wakamzoea. Mwaka 2010 alimaliza, akafungua kibanda cha ufundi redio mtaa wa Soweto.

Ni katika kibanda hicho, Machi mwaka 2012, alipoletewa amplifaya iliyoungua na binti mmoja mpiga gitaa, Tusajigwe Mwaijande, ambaye yuko hapa leo, amekaa pale karibu na wanakwaya. Tusajigwe alikuwa ameondolewa kwaya ya kanisani kwao kwa sababu aliendelea kuimba wakati wenzake wameshakaa. Amplifaya haikupona. Lakini wakati akisubiri alimsikia fundi akipiga ligombo nyuma ya pazia, akalifunua pazia, na fundi nusura aanguke na kiti.

Nyuma ya nyumba ya shangazi yake Tusajigwe palikuwa na simtanki la lita elfu tano lililopasuka, halifai tena kwa maji. Siku moja Ambrosi aliingia humo kukimbia mvua, akakung'uta nyuzi za ligombo mara moja, na sauti ikamzunguka, ikarudi, ikarudi tena. Alitoka mbio akidhani ndani mna mtu mwingine. Tusajigwe alicheka mpaka akakaa kwenye matope, kisha akachukua gitaa akaingia yeye. Tangu siku hiyo simtanki likawa ndiyo studio yao. Walijiita Ukungu, ila mtaa mzima uliwaita Wana Simtanki, na jina hilo ndilo lililoshika.

Muziki wao ni mgumu kuueleza. Wimbo mmoja ulikwenda dakika ishirini, ligombo likizunguka palepale, gitaa likipanda na kushuka, na Tusajigwe akiimba maneno ya Kinyakyusa, ya Kihehe, na mengine ambayo hayakuwa ya kabila lolote. Ukiusikiliza umekaa, baada ya muda huna hakika kama bado umekaa. Mzee Sosthenes alipousikia kwenye simu ya Veneranda alivumilia kwa dakika saba, halafu akauliza, "Sasa hii inaanza saa ngapi?"

Mwaka 2013 walianza kupiga mbele ya watu. Harusi moja ya Uyole bibi harusi alilia mfululizo, wakaombwa waondoke kabla ya keki. Baa moja ya Mwanjelwa umeme ulikatika, wakaendelea gizani, na watu wakasema hawajawahi kusikia kitu kama kile. Marehemu alipiga akiwa amewapa watu mgongo. Wasikilizaji walidhani ni mtindo, na vijana wawili watatu wa Ilomba wakaanza kuuiga, kumbe mwenzao alikuwa anaogopa kutapika. Mwaka 2014 walirekodi nyimbo sita kwa simu, ndani ya simtanki. Redio mbili za Mbeya zilizipiga, moja ikakatiza katikati ikidhani mitambo imeharibika. Hata hivyo jina lilitembea, na mwishoni mwa Julai 2015 wakaitwa Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, kutumbuiza baa siku mbili.

Hapo ndipo ilipoanza. Asubuhi ya pili, kundi moja la wachimbaji lililokuwa limekaa miezi minne bila kupata kitu lilipasua mwamba, na mwamba ukaonyesha dhahabu. Wachimbaji walikuwa wamesinzia na muziki ule masikioni, na Mzee Gideoni, mwenye duara, yaani shimo hilo la kuchimbia, alikuwa na jibu tayari. Alikuja baa mwenyewe akamwambia Ambrosi, "Mdogo wangu, hiyo mashine yako ya kizee imefungua mlango. Huondoki."

Ambrosi alicheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Kila asubuhi kabla watu hawajaingia shimoni alitakiwa akae kwenye mdomo wa duara apige, na aendelee kupiga mpaka watakapotoka kupumzika. Tusajigwe hakuruhusiwa kusogea, kwa kuwa kule walishika mwiko wa mwanamke kukaribia shimo, hivyo aliimba akiwa kwa mama lishe, hatua hamsini kutoka pale. Walitendewa vizuri, walilishwa, waliitwa majina ya heshima. Lakini kila walipotaja kurudi Mbeya, mtu fulani alikuwa amesimama mlangoni. Marehemu alisema hakuwahi kuogopa maishani kama alivyoogopa kupendwa na watu wale. Maana dhahabu ikikata, wangempenda kwa lipi?

Miongoni mwa wachimbaji alikuwepo kijana wa Ilomba, Zabron Mwampashi, umri miaka ishirini na mmoja. Huyu hakuamini kwamba ligombo ni dawa ya kuvuta dhahabu. Alipenda muziki tu. Kila asubuhi alikuja mapema na kikombe chake cha chai na chapati mbili kutoka kwa mama lishe, akala, akamwambia, "Kaka, nipigie ule wa pole pole," na akaucheza, mabega yakienda upande mmoja na kiuno upande mwingine, ndiye binadamu pekee aliyewahi kuucheza muziki wa Wana Simtanki. Kisha alifuta mikono kwenye suruali na kuteremka.

Jumatano tarehe 19 Agosti 2015, watu kumi na wawili waliingia duarani. Marehemu alikuwa ameweka kibuyu cha ligombo moja kwa moja juu ya ardhi, kama babu alivyomfundisha, ili sauti iwe nene. Yapata saa tatu asubuhi alinyanyua mikono ili ajikune shingo, na nyuzi zikaendelea kulia. Hakuzigusa. Zilitoa mlio wa chini sana, mlio ambao ligombo lile halikuwa nao, na aliuhisi kwenye magoti kabla hajausikia. Fundi redio anajua kitu kinapotetemeka bila kuguswa maana yake nini. Ardhi ilikuwa inasogea.

Ndugu zangu, hapa ndipo alipoagiza pasirukwe. Ambrosi alijua, na hakusema. Aliogopa. Alifikiri: nikisema nimesikia shimo likilia, na shimo lisianguke, watasema nimeifukuza dhahabu. Likianguka, watasema nimeliangusha mimi. Akarudisha vidole kwenye nyuzi, akapiga ili asiusikie ule mlio. Alipiga kwa muda gani, hakuna ajuaye. Yeye alisema ni wimbo mzima. Tusajigwe, aliyekuwa akimsikiliza kutoka kwa mama lishe, anasema haikufika nusu dakika, kisha ligombo likanyamaza. Wamebishana juu ya jambo hilo mpaka wiki ya mwisho, Ambrosi akiwa na mpira puani, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Halafu akasimama akapiga kelele. Na hata hapo hofu ilimchezea, kwa sababu aliita kwa Kihehe cha mama yake, mara mbili, kwa nguvu zake zote, na chini kule hapakuwa na Mhehe hata mmoja. Walimsikia wakadhani anaimba. Mara ya tatu ndipo Kiswahili kilipomrudia: "Tokeni! Tokeni wote!" Wakaanza kupanda kwa kamba. Kumi na mmoja walitoka. Zabron alikuwa mbele kabisa ya handaki, mbali na kamba, naye hakufika. Duara likajifunga, vumbi likapanda hadi kwenye paa za baa. Walichimba siku tisa bila kumpata.

Marehemu hakuwahi kuhesabu kumi na mmoja. Alihesabu mmoja.

Vumbi lilikuwa bado halijatua mtu alipouliza, "Huyu alijuaje?" Mwingine akalirudia swali. Ligombo la babu likapondwa kwa nyundo palepale. Mama lishe ndiye aliyewaokoa: aliwasukuma wote wawili nyuma ya lori la mkaa, akawafunika turubai, akawaambia, "Msikohoe mpaka Chunya." Hawakukohoa. Walifika Mbeya wakiwa weusi, wakaachana stendi bila kuagana, na Wana Simtanki ikawa imekwisha hapo, miaka mitatu na miezi mitano tangu ile amplifaya.

Mwezi uliofuata, mama yake Zabron, Bi Sekela Mwampashi, alifika Soweto mara tatu akimuulizia "kijana mwenye ligombo". Mara mbili za kwanza majirani walimwambia hayupo. Mara ya tatu Ambrosi alikuwa chini ya meza ya kazi, ameziba mdomo kwa mkono wake, akiziona kandambili za yule mama kwenye upenyo wa mlango. Alikaa pale hata baada ya mama kuondoka. Kesho yake alifunga kibanda, akahamia Ipogolo, Iringa, akabadilisha namba ya simu, na kwenye bango la kibanda kipya akaandika Fundi Luvanda bila jina la kwanza. Hakuligusa tena ligombo wala chombo chochote cha muziki. Redio za wateja alizijaribu kwa vipindi vya habari.

Tarehe 22 Aprili 2017 alifunga ndoa takatifu na Jackline, mwalimu wa chekechea, na Mungu akawajalia watoto wawili, Matilda na Sosthenes mdogo. Alikuwa mume mpole na baba wa kubeba watoto mgongoni bila kuona haya. Jackline hakujua chochote. Alijua tu kwamba mume wake hawezi kukaa akiwa ameupa mlango mgongo, na kwamba mtu akibisha hodi kwa sauti ya mwanamke mzee, yeye huenda chooni. Alimtania kwamba anadaiwa na vikoba. Naye alicheka pamoja naye.

Mwaka jana, mwezi Septemba, alianza kuvimba miguu. Iligundulika ni figo, zilizoharibiwa na shinikizo la damu alilokaa nalo miaka bila kupima. Januari mwaka huu madaktari wakamwandikia rufaa ya kwenda Mbeya kusafishwa damu. Hakwenda. Alisema anajisikia nafuu. Februari wakaandika nyingine, akasema barabara ni mbovu. Dada yake alimfokea mpaka majirani wakatoka nje, naye alitazama sakafu tu. Ni Aprili, akiwa hawezi kuvaa viatu, ndipo alipomwambia Jackline atoke kidogo, akamshika Veneranda mkono na kusema, "Dada, Mbeya kuna mama namwogopa." Akaeleza yote mnayoyasikia leo. Dada yake alisikiliza akiwa na hasira, halafu na huruma, halafu na hofu pia, maana miezi mitatu ilikuwa imepita na daktari alikuwa amesema wazi kwamba miezi hiyo ni mingi.

Mwisho alikwenda, akipokelewa na Tusajigwe, ambaye Veneranda alimtafuta, kule kule Soweto, kwa yule shangazi yake. Alikwenda hospitali mara tatu kwa wiki amevaa kofia na barakoa, akiinama kwenye siti ya bajaji kila walipokatiza Ilomba. Hakupona. Aliaga dunia Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa moja asubuhi, mikononi mwa mkewe. Maneno yake ya mwisho kwa dada yake yalikuwa, "Mwambieni. Mimi nimeshindwa."

Basi Jumatatu, Veneranda na Tusajigwe walikwenda Ilomba kwa Bi Sekela. Hawakuwa na haraka. Walisimama kwa muuza nyanya, wakanunua nyanya ambazo hawakuzihitaji, wakasimama tena. Aliyefungua mlango ni mama mfupi mwenye koti la sweta, akawakaribisha, akawapa viti, akawaletea chai. Veneranda alisema yote kwa mkupuo mmoja akiangalia kikombe: mlio, wimbo mzima au nusu dakika, Kihehe, kandambili mlangoni.

"Siku ile," mama alisema, "mwanangu alikuwa amekula?"

Tusajigwe akamjibu, "Alikula, mama. Chapati mbili na chai. Akacheza."

"Nilikwenda Soweto mara tatu kuuliza hicho tu. Kama alikula." Akaweka kikombe chini. "Wale wa machimboni kila mmoja alisema lake. Nikaambiwa yupo kijana alikuwa anakaa naye kila asubuhi. Nikasema huyo ataniambia."

Veneranda akaanza kuomba msamaha kwa niaba ya mdogo wake. Mama akanyanyua mkono.

"Wewe mwanangu, ngoja. Ile kuchelewa kwake pale shimoni, mimi namwachia Mungu. Hata mimi ningeogopa. Lakini hii miaka tisa aliyonikimbia, hii ni ya kwangu. Sijaisamehe. Usiniombe leo."

Veneranda hakumwomba tena. Walikaa mpaka chai ikapoa. Wakati wanaaga, mama aliwasindikiza hadi barabarani, akauliza mazishi ni lini na wapi, na nani atasoma wasifu. Alipoambiwa, alisema: "Wa kwangu hakusomewa. Hatukuwa na mwili. Mchungaji aliomba, watu wakala, wakatawanyika. Hakuna aliyesimama akasema Zabron alizaliwa lini. Nyie mna kaburi. Nitakuja, lakini msome na wa kwangu."

Familia ilikaa usiku huo huo. Wapo waliosema haijawahi kutokea. Mzee Sosthenes, baba wa marehemu, alisema, "Iandikwe," na kikao kikaisha. Bi Sekela amefika jana jioni, amelala chumba cha mama Yusta, na yuko hapa mbele, upande wa kulia wa jeneza.

Marehemu Ambrosi ameacha mjane, Jackline; watoto wawili, Matilda mwenye miaka sita na Sosthenes mwenye miaka mitatu; wazazi wake wote wawili; dada yake Veneranda na kaka yake Sifaeli; wapwa watano; na Tusajigwe, ambaye familia imekubaliana aandikwe hapa pamoja na ndugu.

Na sasa, kama mama yake alivyotamka na Veneranda akaandika neno kwa neno:

Zabron Mwampashi alizaliwa Ilomba, Mbeya, tarehe 2 Machi 1994, saa kumi alfajiri, mvua ikinyesha. Alikuwa mtoto wa pekee. Alisoma mpaka darasa la saba. Hesabu alikuwa wa kwanza, mwandiko wa mwisho. Aliuza maparachichi, akabeba mchanga, na Januari 2015 akaenda Makongolosi akisema atarudi kumjengea mama yake jiko. Hakuoa, ila alikuwa na mchumba, Bupe, ambaye sasa ana nyumba yake na mama hana kinyongo naye. Hakuugua. Alifariki tarehe 19 Agosti 2015, akiwa amekula. Ameacha mama.

Wapumzike kwa amani, wote wawili.